Gharama ya Kumfufua Mjomba wa Redioni

Mimi si mtu wa kushangazwa. Nimetoka kwetu Rufiji na kaptula moja na shilingi mbili alizonifungia mama kwenye pindo la kitambaa, darasa la tatu nimeliacha katikati, na leo nina hoteli tatu za chai na nyumba ya bati yenye vyumba vinane. Mtu aliyepita njia hiyo hashangazwi. Nimebeba magunia, nimeuza kahawa kwa miguu nikigonganisha vikombe kuanzia Gerezani mpaka Jangwani. Nimemwona mwizi akikimbizwa na umati, naye yuko mbele anapiga kelele za mwizi kuliko wote. Nimemwona mtu akiuza nyumba isiyo yake, na mnunuzi akilipa kwa fedha isiyo yake, na wote wawili wakaagana kwa furaha.

Kwa hiyo nilikuwa nikiwaambia wateja wangu kila siku ya Mungu kwamba duniani hakijazaliwa kitu cha kunishangaza mimi. Nilisema hivyo hata mbele ya Bubu, tena mara nyingi, na hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Hoteli yangu ya mwanzo ilikuwa nyuma ya soko la Kariakoo. Soko la zamani lilikuwa limeshabomolewa na hili kubwa linajengwa, na mtaa mzima ulikuwa umejaa vumbi la saruji, wajenzi na mikokoteni. Nilikuwa na meza sita, mabenchi, na jiko la mkaa uani. Chai na maandazi kila mtu anauza. Kilichonitofautisha ni redio. Wenzangu walizifungia redio zao chumbani wakiogopa betri kuisha. Mimi ya kwangu niliiweka juu ya kabati la maandazi, nikaigeuza uso ikatazama barabarani. Watu wakaniona mwendawazimu. Baada ya miezi miwili mwendawazimu akaongeza mabenchi barazani.

Kilichowaleta hasa ni mchezo wa Jumatano jioni, robo saa tu, kabla ya magharibi. Ulitungwa ili utufundishe. Miaka ile ya Ujamaa kila kitu kilitungwa ili kitufundishe, hata kalenda. Kisa chenyewe kilihusu mtu mmoja aliyekuja mjini kumsalimia mpwa wake, mfanyakazi wa kiwandani, akasema atakaa siku tatu. Ukapita mwaka wa pili bado yupo. Jembe alilokuja nalo kutoka kijijini likawa la kuzuilia mlango usibamizwe na upepo. Kila Jumatano mpwa wake anamtafutia kazi, na kila Jumatano Mjomba anaponyoka, huku akisema kwa sauti yake ya puani, nzito kama ya mtu aliyekula akashiba, “Kesho nayo ni siku, mwanangu.”

Waliotunga walitaka tumchukie. Sisi tulimpenda. Sijui niseme nini zaidi. Sisi tulioamka saa kumi alfajiri kubeba, kusukuma na kukaanga, tulimpenda yule mmoja asiyefanya lolote. Mahamali wa sokoni wakidaiwa wanajibu kwa sauti ya puani, “Kesho nayo ni siku, mwanangu.” Mama wa vitumbua, aliyeweka karai lake mbele ya mlango wangu, alikuwa akimwita Mjomba “huyu mume wangu wa Jumatano.” Jumatano jioni hauzi. Anafunika karai, anakaa benchi la mbele, na ole wako ukohoe.

Lakini mpenzi aliyewashinda wapenzi wote ni fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Yeye alikuwa na daftari la shule, na kila sehemu ya mchezo aliiandika: nani kaingia, nani katoka, kimeliwa nini. Mjomba akisema leo jino linamuuma la kushoto, fundi anafunua.

“La kulia! Wiki ya kisa cha kikapu alisema la kulia!”

“Fundi, wewe nawe. Mtu hawezi kuumwa meno mawili?”

“Anaweza. Lakini aseme.”

Basi akawaandikia barua watu wa redio kuwasahihisha. Wiki tatu baadaye, katikati ya mchezo, Mjomba akasema bila kuulizwa na mtu, “Lile la kulia nimeshaling'oa, mwanangu, sasa ni hili la kushoto.” Fundi alisimama juu ya benchi langu na viatu vyake. Sikumkemea. Siku ile niliuza chai mpaka maziwa yakaisha.

Sasa Bubu. Huyu alikuwa mteja wangu wa saa nne asubuhi. Mtu mwembamba, shati limepigwa pasi, anakaa pembeni karibu na mlango wa uani. Hasemi. Anagonga meza kwa kifundo cha kidole: mara moja ni chai, mara mbili ni chai na andazi. Anakunywa taratibu, anaweka senti zake, anainamisha kichwa, anaondoka. Jumatano jioni hakuonekana kamwe, nasi tuliona ni haki yake, maana asiyesikia atafuata nini kwenye redio?

Hapo ndipo palipokuwa na ujinga wetu. Tulimwona hasemi, tukaamua kwamba hasikii pia, na hakuna aliyejaribu kuhakikisha. Mtu asiyesikia wala kusema ni kama kisima, unatupa humo chochote. Mama wa vitumbua alikuwa akikaa karibu naye kupumzisha miguu na kumweleza habari za mumewe wa kweli, yule wa Magomeni, kuanzia ndoa mpaka deni. Fundi alimwonyesha jinsi anavyobana nusu ya shibiri ya kitambaa kwa kila mteja, na kwamba kwa mwaka anajishonea suruali mbili. Na mimi nikichoka nilikaa mbele yake nikamweleza siri ya utajiri wangu, kwamba kila chupa tatu za maziwa nazifanya nne, na maji ya bomba hayana ladha mtu akizidisha iliki. Yeye alinitazama tu kwa upole. Nikajisemea huyu ndiye rafiki pekee niliye naye mjini.

Jumatano moja ya mwezi wa njaa, Mjomba akafa.

Hakufa mbele yetu. Mpwa na mkewe walikuwa nyumbani wanaongea habari za ugawaji wa unga, Mjomba hayupo, katoka asubuhi. Mara mlango unagongwa, jirani anaingia anahema: mtu kagongwa na lori njia ya Pugu, hakutambulika uso, lakini koti ni hili hapa. Mpwa analishika koti, analia. Muziki. Mtangazaji anatuaga.

Barazani palikuwa na watu kama sabini na hakuna aliyepiga chafya. Hamali mmoja alivua kofia. Mama wa vitumbua aliweka mikono kichwani akasema pole pole, “Wamemuua. Wameniulia mume wangu.”

Usituone wajinga. Tulijua ni mchezo. Lakini kujua kunakaa kichwani na msiba unakaa kifuani, na hivyo viwili vina milango tofauti. Asubuhi yake saa moja mahamali wanne walikuja mlangoni kwangu kuniuliza anazikwa saa ngapi. Nikataka kucheka, nikawatazama macho, nikawapa benchi. Nilifikiri pia mambo mengine, na sitajificha kuyasema. Hoteli yangu ilisimama juu ya mgongo wa yule mtu. Bila yeye, Jumatano ingekuwa kama Jumanne, na ile mikopo ya mabenchi nilikuwa sijaimaliza. Nikaona hawa wakitawanyika na huzuni zao watapata pengine pa kuzipeleka. Wakitaka kulia, walilie kwangu.

Nikatandika majamvi barazani. Nikaweka bakuli la rambirambi. Nikaenda ng'ambo ya barabara kwa Mangi, mwenye duka kutoka Kilimanjaro, kutaka mchele na sukari.

“Nani amekufa, mzee?” akauliza.

“Mjomba.”

“Wako?”

“Wetu.”

Mangi alikuwa mtu wa kanisani, mgumu wa kutoa kama msumari wa chumvini. Akanitazama sana. “Yule wa kwenye redio? Mnamfanyia matanga mtu wa kwenye redio?” Akacheka mpaka akashika kaunta. Akapima mchele, akanilipisha wote, hakunipunguzia hata senti. Lakini nilipofika kwangu nikakuta kilo ya sukari ndani ya gunia ambayo sikuilipia. Nilipomtazama alikuwa anajifanya anahesabu sabuni.

Mwalimu wa madrasa alipoombwa kisomo alisema, “Siwezi kumsomea mtu ambaye hana mama.” Akafikiri kidogo. “Ila wali wa msiba ni sadaka, na sadaka haikataliwi.” Akakaa.

Halafu akaja balozi wa nyumba kumi na kofia yake na kijitabu. Kifo chochote kwenye nyumba zake kumi lazima akiandike.

“Ndugu, nasikia una msiba hukunitaarifu. Marehemu ni nani kwako?”

“Mjomba, ndugu balozi.”

“Wa kwa mama?”

“Wa redioni.”

Kalamu ikasimama juu ya kijitabu. “Huyu wa Jumatano?”

“Ndiye.”

Akafunga kijitabu, akavua kofia. “Sogea kidogo nikae.”

Saa nne ikapita. Karibu saa tano Bubu akaingia, amechelewa, shati lake siku hiyo halina pasi. Akaona majamvi, akaona watu, akasimama. Tukampisha kwa ishara, tukamwonyesha redio, tukajipitisha mkono shingoni kumweleza kwamba mtu amekufa. Akaenda pembeni pake, akagonga mara moja. Nikampelekea chai, nikakataa senti zake, siku ya msiba hatupokei.

Fundi akasimama na daftari lake kusoma wasifu wa marehemu. Alikuwa amekesha akiutunga. Alianza vizuri: Mjomba hakuwa na kazi lakini hakuwa na kinyongo, alikula cha watu lakini hakusengenya chakula, aliogopa jembe lakini hakumwogopa mtu. Mama wa vitumbua analia kwa kuvuta. Fundi akafunua ukurasa.

“Marehemu alizaliwa Kisarawe, akiwa mtoto wa tatu...”

“Kilwa,” ikasema sauti.

Ilikuwa sauti ya puani, nzito, ya mtu aliyekula akashiba. Ilitoka pembeni, karibu na mlango wa uani.

“Kilwa, mwanangu. Kisarawe nilipita tu.”

Waliokuwa nje wanasema walisikia glasi tatu zikivunjika kwa pamoja. Hamali mmoja mwenye kifua kama mlango wa ghala aliingia chini ya meza. Mama wa vitumbua alikimbia na karai lake mpaka Msimbazi. Balozi alisimama, na kwa sababu hakuwa na jambo lingine kichwani akasema, “Kadi yako ya chama iko wapi, ndugu?” Na mimi, mtu wa kutoshangazwa, nilikuwa nimeshika birika. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba chai yote nimeimimina kwenye bakuli la rambirambi.

Ilichukua muda watu kurudi na kukaa. Mama wa vitumbua alirudi wa mwisho, akamsogelea, akamgusa bega kwa kidole kimoja kama anajaribu pasi.

“Wewe ndiye?”

“Ndimi, mama.”

“Na masikio unayo?”

“Ninayo.”

“Yote mawili?”

Akainamisha kichwa. Nikamwona mama akihesabu kimya kimya yote aliyomwambia, na macho yakimtoka zaidi kila anapofika mbele. Fundi naye akafunga daftari. Mimi nikakumbuka maziwa.

Hakuwa bubu wala kiziwi. Alikuwa mwigizaji, na sauti yenyewe ilikuwa yake ya kuzaliwa, hakuwa na nyingine. Alikuwa akipanda basi kusema tu “nishushe hapo,” basi zima linageuka. Wengine wanamkumbatia, wengine wanamtaka arudie ile ya kikapu, na mwanamke mmoja pale Posta alimzaba kibao kwa niaba ya mke wa mpwa. Ndipo akaamua mchana asiseme. Akatafuta mahali ambapo atakunywa chai kama mtu, akapata kwangu.

“Hotuba yako nzuri, fundi,” akasema, “na mimi nakushukuru. Lakini sikuja kusikiliza hotuba yangu. Jana sikuitwa kurekodi. Kufa kwangu nimekusikia kwenye redio ya jirani, kama nyinyi. Leo asubuhi nilikwenda kuuliza.”

“Wakasemaje?” akauliza balozi.

“Wakasema wakubwa wamekasirika. Mchezo ni wa kufundisha watu wachukie uzembe, na watu wanampenda mzembe. Barua zote zinazokuja ni zangu, mpwa hapati hata moja. Wakaona dawa ni lori.”

Watu wakaguna. Yeye akaendelea, sasa hatazami mtu ila balozi. Alikuwa amepanga chumba kimoja Mchafukoge, mke mjamzito wa miezi saba, na kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya Jumatano. Na miaka ile mjini mtu bila kazi hakuwa mtu, anaandikwa, anapandishwa lori, anarudishwa kwao akalime, mke hata akiwa wa miezi saba.

“Mkiniacha nife redioni,” akasema, “mwezi ujao nitakuwa mzururaji wa kweli. Balozi wangu kule ameshaniuliza mara moja. Ndugu balozi, wewe ungefanyaje?”

Balozi akageuza kofia yake mikononi. “Ningekuandika,” akasema. Hakuna aliyemlaumu. Alisema kweli.

Ndipo fundi alipoanza kufunua daftari lake kwa haraka, analamba kidole, anafunua, analamba. “Koti,” akasema. “Koti! Ngojeni. Tulisikia nini jana? Mwili tuliusikia? Hatukuusikia. Tulisikia koti.” Akafika ukurasa anaoutaka akaupiga kofi. “Hii hapa, sehemu ya bao. Mjomba amefungwa bao, hana cha kulipa, anaweka koti rehani kwa yule mcheza bao wa Ilala. Anasema atalikomboa. Nimesoma mpaka mwisho, ndugu zangu, hakulikomboa! Hakuna mahali! Sasa jana kagongwa nani ndani ya koti lile?”

“Mcheza bao!” akapiga kelele hamali aliyekuwa chini ya meza.

“Mtunzi alisahau,” akasema fundi, na sijamwona binadamu mwenye furaha kama ile kwenye matanga. “Mimi sikusahau.”

Mwigizaji mwenyewe alimtazama kama mtu aliyeletewa hati ya nyumba. Alikuwa ameisema ile sehemu kwa kinywa chake na hakuikumbuka.

Nikachukua uongozi, maana pale palitakiwa mtu wa vitendo. Nilitaka tuandike barua moja kali, tutie saini wote. Fundi akakataa, akasema yeye ni mzoefu, barua moja yenye majina mia inatupwa kapuni mara moja, barua mia zinahitaji makapu mengi. Kila mtu aandike yake. Wasiojua kuandika waseme, fundi na balozi waandike, lakini maneno yawe ya mwenyewe, na kila barua iwe na jambo la koti. Nikaenda Posta mwenyewe nikanunua stempu na bahasha. Karani alifikiri nafungua ofisi.

Tuliandika siku mbili, watu wakipanga foleni barazani kama ya sukari. Nakumbuka barua ya yule hamali: “Siku sita nabeba mzigo wangu, Jumatano Mjomba ananibebea. Aliyekufa ni mcheza bao, poleni nyumbani kwake. Wetu mrudisheni.” Mama wa vitumbua alisema, “Andika, mimi nina watoto watano na sijawahi kuwaomba nyinyi chochote.” Akafikiri. “Basi, hiyo inatosha. Na koti.” Hata Mangi alivuka barabara jioni, akasema yeye hataki habari za wazembe, ila anapinga mtu kuzikwa kwa ushahidi wa koti, si haki. Akaandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri kuliko wetu sote. Jumla zilitoka barua mia moja arobaini na sita.

Wale waliotoa rambirambi wakaanza kuzidai, kwa haki, maana maiti ilikuwa inakunywa chai. Nikawarudishia, zinanuka iliki. Wali na nyama tulikuwa tumeshapika, tukala kwa furaha badala ya huzuni, na mwalimu wa madrasa akala kama alivyoahidi.

Ikaja Jumatano ya kwanza. Mpwa na mkewe waliongea habari za kunywesha watoto maji yaliyochemshwa. Jumatano ya pili waliongea habari za mbolea. Mabenchi yangu yakawa na mapengo kama meno ya mzee. Jumatano ya tatu tulikuwa kumi na wawili na mmoja alikuwa amelala. Bubu alikuja kila asubuhi saa nne, akisema kidogo sana, kwa kunong'ona, shati limerudia pasi. Nilimwuliza habari za mke, akasema bado siku chache. Nilimwuliza habari za balozi wake, akasema amemwuliza mara ya pili.

Ijumaa baada ya hapo hakuja. Jumamosi hakuja. Jumanne nikasikia kwamba gari la redio lilionekana Mchafukoge.

Jumatano ya nne sikumwalika mtu, lakini kufika saa kumi na moja na nusu barabara ilikuwa haipitiki. Mchezo ukaanza. Mpwa anakula. Mlango unagongwa.

“Hodi.”

Sauti ile. Mke wa mpwa akapiga ukelele redioni, na mtaa mzima ukapiga nje. Tukakosa karibu dakika nzima kwa makelele, mpaka fundi akatutukana tukanyamaza. Mpwa anauliza kwa kitetemeko, “Mjomba, si tumekuzika?” Naye anajibu, “Mmezika koti la watu, mwanangu. Mimi nililiacha rehani sehemu ya bao.”

Neno kwa neno. Fundi hakusimama juu ya benchi mara hii. Alikaa chini, akaweka daftari usoni, akalia.

Lakini wakubwa wa redio nao si watoto. Walimrudisha kwa sharti, Mjomba lazima awe na kazi. Basi akasema sasa ameajiriwa, anaosha vyombo kwenye hoteli moja ya chai.

“Na mwenye hoteli mtu gani?” akauliza mpwa.

“Ah, mwenye hoteli mtu mkubwa sana. Ameniambia mara ishirini kwamba duniani hakijazaliwa kitu cha kumshangaza yeye.”

Vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja.

“Na chai yake?”

“Chai nzuri, ina iliki. Ila ng'ombe wake, mwanangu, nadhani wanaoga mpaka ndani.”

Watu sabini walinitazama kwa pamoja. Nilitamani redio iishiwe betri. Halafu mama wa vitumbua akaanza kucheka, akashika karai, akaanguka nalo, na wote wakafuata, na mimi nikacheka wa mwisho kwa kuwa ndiyo njia pekee iliyobaki. Siku ya pili nilianza kuuza maziwa kama alivyoyatoa ng'ombe. Haikuwezekana vinginevyo. Kila mteja aliinua kikombe kwanza akakitazama kwenye mwanga.

Hoteli ikajaa kuliko zamani. Ila Bubu alikuwa hawezi tena kuwa Bubu. Habari zilienea. Watu walitoka Temeke, wengine walivuka na kivuko cha Magogoni kuja kumwona akinywa chai. Hawakuwa wabaya, walikuwa wapenzi tu. Walimvuta mkono, walimtaka aseme ya jino, aseme ya koti. Mmoja alimtoa andazi mdomoni akisema, “Sema kidogo kwanza, mzee, utakula baadaye.” Na yeye alisema. Kwa wiki mbili alisema kila walichotaka. Siku ya mwisho aliingia, akanitazama, akagonga meza mara moja kama zamani. Nikamletea chai. Hakuifikisha nusu, kundi likaingia. Akapita mlango wa uani, pembeni ya jiko la mkaa, na hakurudi.

Miezi kadhaa baadaye nilikuwa Mchafukoge kufuata habari za masufuria, nikaingia kwenye hoteli moja ndogo. Mwenye hoteli alikuwa mtu wa maneno mengi, anajisifu, simpendi mtu wa namna hiyo. Pembeni alikaa mtu mwembamba, shati la pasi, mtoto mchanga amelala mapajani.

“Huyo bubu wetu,” akaniambia mwenye hoteli, kwa sauti kubwa kabisa. “Hasikii, hasemi. Lakini mtu mzuri. Namweleza mambo yangu yote.”

Tukatazamana, mimi na yule mtu. Neno moja tu kutoka kwangu, na Kariakoo nzima ingejua alipo, na mabenchi yangu yangejaa tena watu wa kuulizia habari zake. Nikanywa chai yangu. Ilikuwa na maji mengi sana. Akagonga meza mara moja, polepole, asimwamshe mtoto, nami nikamwambia mwenye hoteli kwamba hiyo nalipa mimi.

Basi ukichukua wali wa matanga na nyama yake, glasi zilizovunjika, bahasha na stempu za barua mia moja arobaini na sita, na chai mbili za Mchafukoge, maziwa siyahesabu, kumfufua yule mtu kulinigharimu shilingi mia mbili kumi na nne na senti kumi.